Chapo wa Maweni: mbwa wa mbio aliyevunjika nyonga akalazimika kukaa ndani

Hiki ni kisa cha mbwa anaitwa Chapo, dume la kama miaka miwili, wa kienyeji, rangi ya chapati iliyoiva upande mmoja, anaishi Maweni hapa Malindi kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye yadi moja ya watu wote. Mwenyewe ni kijana anaendesha tuktuk, anaishi na mamake. Mimi kazi yangu ni kufuatilia wagonjwa wa daktari wa mifugo majumbani, naangalia vidonda, nahakikisha dawa zimetolewa sawa, na wenyewe wameniruhusu nikiandike chote. Nakiandika kwa sababu karibu kila mtu nnayemkuta na mbwa aliyeumia ananiambia neno moja, "huyu ana nguvu nyingi, hawezi kukaa", alafu mbwa anaachiliwa mapema na mfupa unaharibika, na mimi siamini kwamba nguvu nyingi ndo shida yenyewe.

Vile alivyoumia ni hivi. Kila alfajiri kijana akiwasha tuktuk Chapo alikuwa anaikimbiza mpaka njia panda, alafu anarudi nyumbani mwenyewe. Ilikuwa kama kazi yake, mtaa mzima unajua. Siku hiyo alifika barabarani kukiwa bado giza na pikapu ikampitia ubavuni. Akabaki anaburuta miguu ya nyuma, lakini ukimfinya kidole cha mguu anaurudisha na kugeuka kukuangalia, na hiyo ni dalili nzuri manake mishipa ya fahamu inafanya kazi. Daktari kitu cha kwanza alichotaka kujua ni kama anakojoa, sababu mbwa aliyegongwa kiunoni kibofu kinaweza kupasuka na usione chochote nje. Alikojoa, kidogo, bila damu. Wakampeleka Mombasa kwa eksirei, kilomita kama 120 amelala juu ya ubao kiti cha nyuma, na picha ikaonyesha mfupa wa nyonga umevunjika upande wa kushoto sehemu zaidi ya moja. Nyonga imekaa kimviringo, ndo maana mara nyingi haivunjiki mahali pamoja tu. Bahati yake ni kwamba pale kwenye kiungo, paja linapoingia kwenye nyonga, hapakuguswa, na vipande havikuwa vimehama sana. Kwa mvunjiko wa aina hiyo misuli minene inayozunguka yenyewe inashika mfupa, operesheni si lazima, mfupa unaunga mbwa akitulizwa. Daktari akasema wiki 6 mpaka 8 za kukaa mahali padogo, hakuna kukimbia, hakuna kuruka, hakuna ngazi, kutoka nje ni kwa haja tu na kwa kamba, alafu picha nyingine.

Siku za mwanzo hazikuwa na shida yoyote, mbwa anaumwa, analala. Kazi ilikuwa kumzuia mama asimpe panadol, na hapa nataka niseme kwa herufi kubwa kama ningeweza: dawa za watu za maumivu msimpe mbwa. Panadol inaweza kumuua ini na kuharibu damu, ibuprofen na diclofenac zinatoboa tumbo na kuua figo. Chapo alipewa meloxicam ya mifugo kwa kipimo cha uzito wake, pamoja na chakula, na mama akaambiwa akiona anatapika au choo kimekuwa cheusi kama lami asimamishe apige simu.

Shida ilianza wiki ya pili, na hii ndo sehemu watu hawaitarajii. Maumivu yamepungua, mbwa anahisi amepona, lakini mfupa ndani bado umeshikwa na kitu laini tu kinachojijenga kabla hakijawa kigumu. Akiteleza au akiruka hapo vipande vinahama. Yaani ile siku mwenye mbwa anafurahi kwamba mgonjwa amechangamka ndo siku ya kuongeza ulinzi.

Na Chapo alichangamka kweli. Alikuwa kwenye kizimba kijana alichomtengenezea na fundi kwa mbao za paleti na waya wa kuku, pembeni ya sebule, kinamtosha kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha basi. Akaanza kubweka, kuzunguka papo hapo, kutafuna mbao, na mguu wa mbele wa kulia akawa anaulamba mpaka manyoya yakatoka. Nilipofika nikamkuta mama na mwanawe wanajibizana.

"Mama, mfungulie tu azunguke humu ndani kidogo, yuwateseka."

"Azunguke wapi, mwanangu? Hii saruji yateleza hata mimi. Wataka turudi tena Mombasa?"

"Sasa atakaa hivi mpaka lini?"

"Muulize huyo," akanionyesha mimi, "mimi yanitosha kubwekewa saa kumi usiku."

Saa kumi usiku. Hilo ndo lilinifanya nikae chini. Nikamuuliza mama, je anabweka usiku kucha? Akasema la, analala fofofo, saa kumi anaamka kama ameitwa. Na mchana? Mchana analala, akisikia geti anabweka kidogo anaacha. Jioni je? Jioni ndo usiseme. Basi nikamwomba aandike kwenye daftari la mahesabu yake ya duka kila anapochachamaa, saa na kilichotokea kabla, afanye hivyo siku kadhaa bila kubadilisha kitu chengine chochote.

Daftari lilivyorudi lilikuwa wazi kabisa. Karibu vurugu zote ziko sehemu mbili. Ya kwanza ni kabla ya adhana ya alfajiri, kijana anapoamka na kuanza kupapasa funguo. Ya pili ni kati ya alasiri na magharibi, saa zile alizokuwa anachukuliwa kukimbia ufukweni Silversands. Katikati hapo mbwa ametulia sawasawa. Sasa huyo si mbwa mwenye nguvu zimejaa siku nzima zinatafuta pa kutokea. Huyo ni mbwa mwenye zamu mbili za kazi, zamu zimefika na kazi hakuna. Tena ile ya alfajiri ni ileile iliyompeleka chini ya pikapu.

Kwa hivyo mpango wetu haukuwa kumchosha. Ulikuwa kumpa kazi nyingine saa zilezile, itangulie kidogo kabla hajaanza kutafuta ya zamani, na kazi yenyewe iwe ya pua, ulimi na kichwa, mwili ukiwa umelala. Hilo la mwili kulala ni sharti gumu manake michezo mingi ya mbwa unayoonyeshwa kwenye video inamfanya aruke. Kijana kabla sijafika alikuwa ameona ile ya chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu chakula kikidondoka, akampa, Chapo akaipiga kwa miguu ya mbele akaifuata akijigonga kwenye waya. Mchezo mzuri kwa mbwa mzima. Kwa mwenye nyonga iliyovunjika uwekwe kabatini mpaka baadaye.

Kilichofanya kazi kubwa alfajiri ni leso kuukuu ya mama, yaani kanga. Usiku anachukua sehemu ya chakula cha Chapo cha siku, ugali mkavu uliokatwa vipande vya ukubwa wa kucha na dagaa waliokaushwa bila chumvi, anavimwaga kwenye leso, anaikunja, anaiviringisha, anaingiza ncha ndani, hafungi fundo gumu. Saa tisa na nusu, kabla kijana hajaamka, anaiweka mbele ya mbwa aliyelala. Chapo hakuhitaji hata kusimama. Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu: anaweka pua kwenye mkunjo, anavuta pumzi fupifupi za haraka mpaka pua inatoa sauti, anasukuma mkunjo mmoja kwa mdomo, anapata dagaa mmoja, ananyamaza, anaanza upya mkunjo wa pili. Tuktuk ikawashwa nje, masikio yakasimama, akainua kichwa, akarudi kwenye leso. Kazi ile ilimchukua muda kuliko nilivyotarajia na alipomaliza akalala na kidevu juu ya kitambaa. Lakini lazima mtu awe hapo mpaka mwisho na leso iondolewe, manake mbwa akimeza kitambaa kinaziba utumbo na hapo unarudi kwa daktari kwa shida nyingine kabisa.

Jioni ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu alichokikosa jioni hakikuwa chakula, ni ufukwe. Mbwa akitembea anasoma kila kitu kwa pua, nani alipita, nani alikojoa wapi, kuna samaki gani ameoza, na hicho ndo kinachomshibisha kuliko hata zile mbio. Nikamwambia kijana, wewe si unazunguka mji mzima na tuktuk? Mletee mji ndani. Ikawa kila jioni anarudi na kitu kimoja kwenye katoni: tawi la mvinje, gunia lililofungiwa nazi, konzi ya mchanga wa Silversands, siku moja kipande cha ubao kilichotupwa na maji ambacho Chapo alikinusa kona zote nne bila kuinuka. Anawekewa, ananusa mpaka aache mwenyewe, kinaondolewa. Vitu vyengine nilikataa. Mwani hapana, akiumeza ukiwa mkavu unavimba tumboni. Kipande cha wavu hapana. Na samaki yeyote aliyeokotwa ufukweni hapana kabisa, bunju akikauka pale mchangani anaonekana kama takataka tu na sumu yake iko palepale, inaua mbwa na inaua mtu.

Baada ya katoni ndo masomo. Hapa mama alikuwa mwalimu bora kuliko sisi wote, ana subira. Somo ni dakika mbili tatu basi, zaidi ya hapo mbwa anachemka badala ya kutulia. La kwanza, gusa: anyooshe shingo aguse kiganja kwa pua, anasifiwa, anapata kijipande cha samaki aliyechemshwa aliyetolewa miiba. La pili, kidevu: alaze kidevu kwenye taulo iliyokunjwa na kukiacha hapo mpaka aambiwe "haya". Hili la kidevu nalipenda kuliko yote kwa sababu lilitusaidia kwenye matibabu yenyewe, akiweka kidevu naweza kupapasa nyonga, kumpima joto, kumpaka dawa pale alipojilamba, bila kushikwa kwa nguvu na watu watatu. La tatu vikombe vitatu vya plastiki vimefunikwa, dagaa chini ya kimoja, achague kwa pua. Mtoto wa jirani alikuwa anakuja kuchungulia hicho cha vikombe kila siku.

Huyo mtoto ananileta kwa babake, manake kwenye ploti ya pamoja mgonjwa si wako peke yako. Jirani ni mzee wa watu, mswalihina, anapita yadini kwenda msikitini na kanzu yake, na kwa Shafi, madhehebu ya wengi hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Chapo akiwa mbwa wa nje mzee alikuwa amemzoea, lakini sasa anapitishwa mlangoni mara nne tano kwa siku kwenda haja, na njia ni hiyohiyo. Kijana akamwendea mwenyewe, "Shikamoo ami, nimekuja kwa ajili ya mbwa." "Marahaba mwanangu, kwani anaendeleaje?" Wakakubaliana vizuri tu, Chapo atolewe baada ya mzee kupita na si kabla, kwa kamba fupi, upande wa ukutani, na ndoo ya maji iwe pale. Na mzee alipojua kubweka kwa alfajiri kumepungua, yeye ndo alikuwa wa kwanza kusema. Watu wanadhani jirani wa aina hii atakuwa adui wa mbwa, mimi nasema mwendee mapema kwa adabu kabla hajakujia na malalamiko.

Kutoka kwenyewe kulikuwa kwa leso nyingine, imepitishwa chini ya tumbo karibu na mapaja, mtu anashika ncha zote mbili juu anambeba uzito wa nyuma. Kwa dume angalia usimzibe njia ya mkojo. Sakafu kuanzia kizimbani mpaka mlangoni ikatandikwa mati za mpira, si mkeka, mkeka juu ya saruji unateleza wenyewe na mbwa juu yake. Choo kikaangaliwa kila siku kwa sababu nyonga ikivimba au ikiunga vibaya inabana njia, mbwa anajikamua hatoi kitu. Mama akaongeza boga la kuchemsha kwenye chakula, choo kikawa laini.

Yote haya yalikuwa kaskazi kali, mwezi wa pili, bati juu, na mbwa aliyefungiwa pembeni anahema tu hata hajafanya kitu. Mbwa akishapata joto hatulii, na ukiona anazunguka kizimbani usikimbilie kusema ana nguvu, mguse masikio kwanza. Kizimba kikahamishwa upande unaopata upepo wa bahari, na upande unaotazama mlango ukafunikwa shuka ili asione kila anayepita, ila aone watu wa nyumbani kwake wakikaa, kumficha peke yake chumbani kungemtia wazimu. Mchana akawa anapata bakuli zito la bati lenye ubwabwa na supu ya kuku isiyo na kitunguu wala chumvi, limegandishwa kwenye friji ya jirani anayeuza barafu. Kulamba kitu kilichoganda kunamchukua muda, kunampoza, na kulamba kwenyewe kunamtuliza mbwa. Cha kutafuna alipata karoti nzima iliyoganda. Mifupa ya kuku iliyopikwa inakatika vipande vyenye ncha, makumbi ya nazi anameza nyuzi, muhogo mbichi una sumu yake, zabibu na chokoleti hata kidogo zisimkaribie. Na kila kilichoingia kwenye leso, bakuli na vikombe kilitolewa kwenye chakula chake cha siku, tena tulishapunguza kama robo, sababu mbwa asiyetembea akila kama wa mbio ananenepa na uzito wote unaangukia palepale nyonga.

Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba kama vurugu ingezidi kuna dawa za kumtuliza, gabapentin au trazodone, na si aibu kuzitumia. Mimi naunga mkono, nimeona mbwa ambao bila hizo wangejivunja upya. Kwa Chapo hazikuhitajika, lakini nataka ieleweke kwamba hazikuhitajika kwa sababu nyumba ilikuwa na mama anayeamka saa tisa na nusu. Nyumba ambayo watu wote wanatoka kazini jioni wamechoka, leso na vikombe peke yake huenda visitoshe, na huyo mwenye mbwa asilaumiwe akiomba dawa.

Mambo hayakwenda sawa siku zote. Kuna wikendi wageni walikuja, wakacheza muziki, ratiba ikavurugika, Chapo akatafuna ubao mpaka msumari ukatokeza na tukabadilisha upande mzima wa kizimba. Kule kujilamba mguu nako kulichelewa kuacha kuliko kubweka, nadhani kulikuwa kumeshakuwa mazoea, na mama akagundua anajilamba zaidi mchana akiachwa peke yake, tukasogeza bakuli la barafu liingie saa hiyo ndipo manyoya yakaanza kuota.

Nikiulizwa kipi hasa kilimtuliza, sitasema leso. Leso ukimpa saa tano asubuhi anaifurahia na kesho saa kumi usiku anabweka vilevile, mama alijaribu siku moja alipopitiwa na usingizi na ndivyo ilivyokuwa. Ni saa. Ni kujua mbwa wako alikuwa na shughuli gani na saa ngapi kabla hajaumia, na kumpa nyingine hapohapo. Mbwa wa mchungaji wa Ganze hatakuwa na zamu za mbwa wa tuktuk wa Maweni, na mbwa wa villa ya Casuarina anayelala mchana analinda usiku atakuwa na zake, kwa hivyo usiige mpango wa Chapo ukaupachika kwako. Anza na daftari.

Picha ya pili ilipigwa baada ya wiki 7 na mfupa ulikuwa umeunga, umekaa mshazari kidogo lakini njia haijabanwa. Daktari akaruhusu kutembea kwa kamba dakika tano mara tatu kwa siku, mwendo wa polepole ili kila mguu ukanyage, kuongeza dakika chache kila wiki asipochechemea. Paja la kushoto limepungua, ukilishika unalisikia jembamba, kwa hivyo tunalipima kwa futi ya fundi cherehani palepale kila nnapopita, na mpaka lilingane na la kulia hakuna Silversands bila kamba. Kijana alitaka ampeleke kwenye maji, nikamwambia maji ya kina yaliyotulia sawa baadaye, mawimbi yanayomsukuma ubavu bado.

Geti la ploti sasa linafungwa kabla tuktuk haijawashwa, wapangaji wote wamekubali. Chapo akisikia funguo bado anasimama, hilo sidhani litaisha, lakini anamgeukia mama kuangalia kama leso iko mkononi.